Mfamasia ni nani hasa? Kisa cha bibi aliyekohoa miezi minne

Hiki ni kisa cha kweli nilichokishika kwa mikono yangu. Jina la mgonjwa, mji, hospitali na maduka yote nimeyatoa, na vitu vidogo vidogo ambavyo vingeweza kumtambulisha mtu nimevibadilisha. Dawa na vipimo nimeviacha kama vilivyokuwa, maana ndio somo lenyewe. Mimi ni mfamasia wa hospitali ya serikali Tanzania Bara, nakaa dirisha la dawa.

Usuli

Bibi ana miaka 62, anaishi na binti yake na wajukuu wawili, nje kidogo ya mji. Mwezi wa kwanza aligundulika na presha kliniki kwetu, daktari akamwandikia enalapril 10 mg kidonge kimoja kwa siku pamoja na bendro (bendroflumethiazide, dawa ya presha inayoongeza mkojo) asubuhi. Akachukua dirishani kwetu mara mbili, mwezi wa kwanza na wa pili, halafu akaacha kuja kwasababu nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa inakaribia bei ya dawa zenyewe, akaanza kununua karibu na nyumbani. Hapo simlaumu hata kidogo.

Sasa kabla sijaenda mbali inabidi nieleze jambo la maneno, maana bila hilo kisa hakieleweki. Mtaani kwetu mtu yeyote anayekaa nyuma ya kaunta yenye dawa anaitwa daktari. "Dokta naomba Panadol." Akiwa kijana anaitwa dokta, akiwa mama anaitwa dokta au nesi, na siku hizi wale waliosikia neno mfamasia nao wanaliweka kwa yeyote anayevaa koti jeupe. Wakati ukweli ni kwamba nyuma ya kaunta anaweza kuwepo mmoja kati ya watu wanne tofauti kabisa.

Kuna mfamasia, aliyesoma shahada ya famasia miaka 4, akafanya mwaka mzima wa mafunzo kwa vitendo, akasajiliwa na Baraza la Famasi kwa Sheria ya Famasi ya mwaka 2011. Kuna mteknolojia dawa, wengi bado tunamwita fundi sanifu dawa, huyu ana stashahada ya miaka 3 na kazi nyingi za dirishani anazifanya vizuri sana, naye anatambuliwa na Baraza. Kuna mtoa dawa wa duka la dawa muhimu, zile DLDM zilizoanza kwa majaribio Ruvuma mwaka 2003 kuchukua nafasi ya maduka ya dawa baridi, yeye mara nyingi ana msingi wa uuguzi halafu anapewa mafunzo mafupi ya kutoa orodha maalum ya dawa. Halafu kuna muuzaji tu, ndugu wa mwenye duka au kijana wa kazi. Wote wanne wanaitwa dokta. Na Bibi katika miezi ile ya kukohoa alikutana na watatu kati yao, akianzia kwa muuzaji, mimi nikawa wa mwisho.

Ilivyokwenda

Mwishoni mwa mwezi wa tatu Bibi akaanza kukohoa. Kikohozi kikavu, hakina makohozi, koo linawasha kama limeguswa na unyoya, usiku ndio balaa, binti anasema walikuwa wanamsikia mpaka chumba cha pili. Hana homa, hajapungua uzito.

Akaenda kwanza kwenye kiduka cha jirani, muuzaji akampa syrup ya kifua. Ikaisha. Akapewa nyingine. Ikaisha nayo.

Baada ya wiki tatu binti akamsindikiza DLDM ya barabarani. Pale kuna mama mmoja mwangalifu kweli, mtoa dawa, akasikiliza akampa amoxicillin dozi ya siku tano na akamwambia akimaliza bila nafuu aende zahanati akapimwe TB kwasababu kikohozi kimepita wiki mbili. Nitarudi kwa huyu mama. Bibi alikwenda kweli, akatoa makohozi kwa shida, kipimo kikarudi hakina vimelea. Zahanati wakamwambia mapafu yapo sawa, ni aleji, afunge madirisha vumbi lisiingie.

Mwezi wa tano ndugu wa Mombasa akapiga simu akawaambia "nendeni kemisti mkubwa mjini, mkamuone mwenyewe". Kule Kenya kemisti ni duka la dawa, kila mtu anajua, ila binti anasema yeye kichwani kilichomjia ni Mkemia Mkuu wa Serikali, yule wa kupima sumu na vinasaba, akabaki anajiuliza mama yake amelishwa sumu au vipi. Walipoelewana wakaenda famasi moja kubwa mjini, ya kioo, ina feni, ukutani kuna cheti kimewekwa kwenye fremu na jina la mfamasia msimamizi. Kaunta yupo kijana. Binti akamuuliza, "Wewe ndio mfamasia?" Kijana akasema ndio. Akampa azithromycin ya siku tatu na mchanganyiko mwingine wa kikohozi, na kwavile dawa za presha zilikuwa zinakaribia kuisha akamuuzia boksi jipya la presha, zuri, la jina la kibiashara. Bibi akawa anameza lile boksi jipya pamoja na zile za zamani zilizobaki, maana rangi tofauti, umbo tofauti, na hakuna aliyemwambia kwamba ndani ni enalapril ile ile.

Kwenye kaunta hiyo hiyo Bibi alitaja magoti. Akapewa diclofenac, ameze mara mbili kwa siku, "ukisikia nafuu endelea". Akaendelea. Wiki saba.

Mwisho wa mwezi wa saba miguu ikaanza kuvimba, mkojo ukapungua, akawa mchovu hata kufagia uwanja hawezi. Ndio wakaja kwetu. Ila hawakuja kliniki, walikuja moja kwa moja dirishani kwangu kwasababu foleni ya daktari ilikuwa ndefu na lengo lao lilikuwa dawa ya kikohozi tu.

Nakumbuka vizuri mazungumzo yale.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Dokta, nipe ile ya kikohozi iliyo kali."

Nikamwambia mimi sio daktari bibi, mimi ni mfamasia. Akanitazama. "Si ndio yule anayeuza dawa?"

Nikamwambia kuuza ni kitu kidogo tu, kazi yangu ni kujua dawa zote unazomeza zinafanyana nini humo ndani. Akageuka kwa binti yake akasema, "Basi kamletee zile." Binti alikuwa nazo kwenye mkoba, alizibeba ili anionyeshe chupa ya syrup wasirudishiwe ile ile. Akamwaga zote pale kaunta. Chupa tatu za syrup, mbili zimeisha. Pakiti ya azithromycin, tupu. Diclofenac karatasi moja na nusu. Bendro kwenye bahasha. Boksi la presha lenye jina la kibiashara. Na bahasha nyingine ya kaki, imechakaa pembeni, imeandikwa kwa kalamu ya bluu: Enalapril 10 mg 1x1.

Mwandiko ulikuwa wangu.

Nilichoamua na kwanini

Ukiziona dawa zile zimepangwa pamoja jibu linajitokeza lenyewe, na shida yote ya kisa hiki ni kwamba kwa miezi minne hakuna aliyeziona zikiwa pamoja.

Kikohozi kikavu kinachoanza wiki au miezi baada ya mtu kuanzishiwa dawa za kundi la enalapril, captopril, lisinopril na wenzao ni jambo linalojulikana miaka mingi. Dawa hizi zinazuia kimeng'enya fulani ili mishipa ilegee na presha ishuke, ila kimeng'enya hicho hicho ndio kinachovunja kemikali ya mwili inayoitwa bradikinini. Isipovunjwa inajikusanya kwenye njia ya hewa na kuwasha koo. Sio aleji ya vumbi, sio maambukizi, kwahiyo amoxicillin na azithromycin zisingesaidia chochote. Kinawapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Na tiba yake sio syrup, ni kubadilisha dawa ya presha.

Hilo la kikohozi lilikuwa la kusumbua. La kutisha lilikuwa diclofenac.

Figo ifikirie kama chujio lenye bomba la kuingiza damu na bomba la kutolea. Diclofenac inabana bomba la kuingiza. Enalapril inalegeza bomba la kutolea. Bendro inapunguza maji mwilini, kwahiyo hata kinachofika kwenye chujio ni kidogo. Ukiziweka tatu kwa mama wa miaka 62, tena enalapril ikiwa imezidishwa mara mbili bila kujua, presha ya ndani ya chujio inashuka mpaka figo inashindwa kuchuja. Miguu kuvimba na mkojo kupungua ndio maana yake hiyo. Na diclofenac yenyewe inapandisha presha ya mwili juu ya yote hayo.

Nilipima presha pale pale, 178 kwa 104.

Nilikuwa na njia tatu. Ya kwanza ni kumwambia aache enalapril na diclofenac aende nyumbani, sikuifanya. Diclofenac nilimwambia asimeze tena kuanzia dakika ile, hiyo ni dawa ya maumivu aliyoinunua mwenyewe na niko ndani ya kazi yangu kumwambia aache. Dawa ya presha iliandikwa na daktari, na mgonjwa mwenye 178 huwezi kumtoa dawa bila kumpa nyingine. Ya pili ni kumwambia "nenda kamuone daktari" na kufunga dirisha. Hii ndio tunayoifanya wengi na ndio nusu ya tatizo, kwasababu Bibi angefika kwa daktari akasema "nakohoa" na angeandikiwa ya kikohozi. Ya tatu ni kuandika. Nikachukua karatasi nikaorodhesha kila dawa, dozi, tangu lini, imetoka wapi, chini nikaandika mistari mitatu: nashuku kikohozi kinatokana na enalapril, enalapril inamezwa mara mbili kwa majina mawili, na nina wasiwasi na figo kwasababu ya diclofenac, naomba kreatinini na potasiamu, vipimo vya damu vinavyoonyesha kama figo zinachuja vizuri. Nikapiga simu chumba cha daktari, nikamkabidhi binti karatasi mkononi.

Dakika kumi na tano za foleni zilinipita pale, watu walinuna. Nilijua watanuna.

Matokeo

Kreatinini ilirudi 158, wakati kwa mwanamke wa kawaida tunategemea chini ya 90 hivi. Potasiamu 5.4, juu kidogo. Daktari akasimamisha enalapril, diclofenac na bendro, akamwanzishia amlodipine, dawa ya presha ya kundi jingine, magoti akapewa paracetamol, akalazwa siku mbili kuangaliwa mkojo. Baada ya wiki tatu kreatinini 96, presha 142 kwa 86, na kikohozi kilikuwa kimekata, binti anasema kiliisha kama mtu aliyezima redio. Mpaka leo hajakohoa tena.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Yule mama wa DLDM alifanya kitu muhimu kuliko anavyojua. Amoxicillin haikuwa na haja, ila kumpeleka mgonjwa mwenye kikohozi cha zaidi ya wiki mbili kupima TB ndio utaratibu, na kipimo kile kilitufungulia njia ya kufikiria kitu kingine kwa kujiamini. Angekuwa ameuliza swali moja tu, "unatumia dawa gani nyingine?", huenda kisa kingeishia mwezi wa nne.

Na binti kubeba dawa zote. Hakujua thamani yake, lakini ule mkoba ulifanya kazi kuliko maswali yangu yote.

Uchambuzi: kilichoharibika, na hapa ndio narudi kwenye neno

Nilimuuliza binti baadae, kwanini hamkurudi kwetu mapema. Akanijibu: "Kaka, tulishaongea na mfamasia mjini." Hilo jibu limekaa kichwani mwangu mpaka leo. Yule kijana alikuwa muuzaji. Jina lililokuwa ukutani lilikuwa la mtu mwingine ambaye binti hakumwona hata siku moja katika mara nne alizokwenda. Sisi tulio kwenye hii kazi tunajua kuna wenzetu wanaokodisha vyeti, cheti kinaning'inia, mwenye cheti yupo mji mwingine. Kwangu mimi hilo ni kosa kubwa kuliko la kijana, maana kijana hajala kiapo chochote. Neno mfamasia ni ahadi kwa mgonjwa kwamba mtu anayejua dawa amekuangalia. Likitumika bila mtu huyo kuwepo, mgonjwa anaacha kutafuta. Familia hii ilitafuta msaada mara nyingi sana, hawakuwa wazembe, walisimama tu kwasababu waliamini wameshafika.

Kuna na upande wa lugha ambao hauzungumzwi. Kiswahili neno dawa ni pana mno, kuna dawa ya meno, dawa ya mbu, dawa ya viatu, kwahiyo "muuza dawa" masikioni mwa mtu ni sawa na muuza chochote. Ukiongeza ma- mbele ndio umeharibu kabisa, "muuza madawa" watu wanafikiria madawa ya kulevya. Nimeshasikia mzee akinitambulisha msibani hivyo kwa nia njema kabisa, watu wakageuka. Dawa ni dawa tu hata zikiwa elfu. Halafu tuna "famasi" ambayo mtaani ni duka, "famasia" ambayo ni taaluma, na "Baraza la Famasi" ambapo neno lile lile la duka linabeba taaluma nzima. Mtu wa kawaida aliyesikia famasi akajua ni duka, akisikia mfamasia anajua ni mtu wa dukani. Ana makosa gani hapo? Ametumia sarufi vizuri kabisa.

Linganisha na mganga. Neno hilo lina mizigo yake, ila ukisema Mganga Mkuu wa Serikali au mganga mfawidhi kila mtu anaelewa huyo sio wa kienyeji, cheo kimelisafisha neno. Mfamasia tunaye wa wilaya, wa mkoa, na Mfamasia Mkuu wa Serikali, lakini hao wanaonekana maofisini na kwenye barua. Pale dirishani mgonjwa anapokutana na neno kwa mara ya kwanza, hakuna anayelitamka. Mimi mwenyewe kwa miaka nimeitikia "dokta" kwasababu ni rahisi na kwasababu, niseme ukweli, inapendeza masikioni. Yule mtoa dawa wa DLDM aliniambia kitu hicho hicho nilipomtembelea: "Mwanzoni nilikuwa nawakatalia, nikachoka."

Na mwisho mimi. Bahasha ile ya kaki niliiandika mwezi wa kwanza, nikaweka jina, dozi, 1x1, nikaita mgonjwa anayefuata. Sikumwambia kwamba ukianza kukohoa kikavu njoo, inaweza kuwa dawa hii. Sikumwambia usinywe dawa za magoti bila kuuliza. Ningechukua nusu dakika. Siwezi kuwasema wengine wanaotumia jina la mfamasia bila kufanya kazi yake wakati siku ile nilikuwa na jina, cheti na usajili, na kazi niliyoifanya ilikuwa ya muuzaji.

Tulichobadilisha

Dirishani kwetu kila mtu sasa ana kitambulisho chenye cheo chake kwa Kiswahili, mfamasia au mteknolojia dawa, maandishi makubwa. Mtu akiniita dokta naitikia kwa heshima halafu namwambia mimi ni nani. Anayepewa enalapril au captopril bahasha yake ina maneno matatu ya ziada nyuma: "Kikohozi kikavu, rudi." Na mgonjwa wa presha au sukari anaambiwa aje na mkoba wa dawa zote, hata za mizizi, hata za jirani.

Kule famasi ya kioo nilikwenda mara mbili kumtafuta mfamasia msimamizi, sikumkuta. Nikaandika kwa mfamasia wa wilaya, suala lipo kwake.

Kwa mama wa DLDM nilikaa naye saa nzima kwenye benchi la mbao nje ya duka, tukapitia dawa za presha zinazopita mtaani kwake na majina yake ya kibiashara, nikamwachia namba yangu. Wiki mbili baadae akaja mzee mmoja dirishani na kipande cha karatasi kilichochanwa kwenye daftari la shule, kimeandikwa: "Anatumia captopril tangu mwezi wa sita. Anakohoa wiki ya tatu, makohozi hayana TB. Sijampa kitu. Naomba mfamasia amuone."